Hela Imepungua, Sufuria Imejaa

Mwezi ambao watu waliacha kuagiza mageti ndio mwezi ambao nyumba ya Fundi Cheche ilianza kula vizuri, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara. Jina hilo alipewa kwa ajili ya mashine yake, na kwa ajili ya mdomo wake. Kila Ijumaa jioni alimkabidhi mkewe, Mama Pacha, hela ya matumizi ya wiki. Kazi zilipopungua, akaipunguza hela. Hakueleza kitu. Aliiweka mezani ikiwa imekunjwa, akageuza uso dirishani. Alijua mkewe atalalamika, na majibu alikuwa ameshayanoa.

Malalamiko hayakuja. Yalikuja maziwa.

Kwanza maziwa asubuhi, vikombe vya watoto vimejaa mpaka ukingoni. Kisha mayai. Kisha maharage yaliyong'aa kwa mafuta, kana kwamba kuna kisima kimechimbwa jikoni. Cheche alikula, jicho moja kwenye sahani, jicho moja kwa mkewe.

"Mayai haya umeyatoa wapi?"

"Nimenunua."

"Kwa hela ipi?"

"Kwa hela uliyonipa, Baba Pacha. Au kuna nyingine ulinipa nikasahau?"

Mapacha, wa kike wote wawili, wakacheka midomo ikiwa imejaa. Cheche hakucheka. Mtu anayelisha nyumba anaujua uzito wa hela yake kama anavyoujua uzito wa nyundo yake, na hela ile haikuwa na uzito wa mayai.

Mkewe alipotoka kuanika nguo, aliingia jikoni kama mgeni mwenye nia mbaya. Chumvi ilikuwa kwenye paketi nyeupe isiyo na picha wala rangi, imeandikwa CHUMVI tu, basi. Kopo la nyanya lilikuwa limebonyea ubavuni, kama lililopigana. Kwenye mfuko wa unga hakuona jina la kampuni anayoijua. Akasimama akiwa ameshika kopo lile. Chakula hiki kisichokuwa na jina kimetoka kwenye ghala la nani? Nani anampa? Na anampa kwa sababu gani?

Hakuuliza. Alikuwa mwepesi wa kumfokea mtu barabarani, lakini swali lile lilimwogopesha. Likijibiwa vibaya, nyumba imekwisha. Angeweza kulala njaa, angeweza kulala chini, lakini asingeweza kulala kwenye nyumba inayolishwa na mwanamume mwingine.

Siku iliyofuata alikwenda kununua kiberiti kwenye duka la mtaani. Mwenye duka walimwita Pipi, kwa sababu hakuwahi kuwa na chenji. Ukimdai, anakusukumia pipi.

"Shemeji hajambo?" aliuliza Pipi, sauti imejaa huruma.

"Hajambo. Kwani vipi?"

"Aa, mimi nimeuliza tu. Maana simwoni. Sukari hachukui, unga hachukui, hata sabuni ya kipande hachukui. Nikajiambia, labda wamehama. Au labda siku hizi hawali."

"Tunakula."

"Mnakula!" Pipi akaegemea kaunta. "Basi hilo ndilo linalonichanganya, fundi wangu. Kazi zimekauka, kwangu haji, na mnakula. Mnakula vya nani?"

"Chunga mdomo wako."

"Nimeshauchunga ndugu yangu, nimeuchunga mwezi mzima. Mimi si mtu wa maneno. Lakini wahenga hawakuwa wajinga: kikulacho ki nguoni mwako." Akasukuma pipi mbili juu ya kaunta. "Chenji sina."

Cheche aliondoka na pipi zikimnata kiganjani. Angejiuliza kidogo tu, angeona ajabu: muuza duka aliyepoteza mteja analilia ndoa ya watu. Lakini wivu haujiulizi. Wivu ukipata jibu, hautaki tena hesabu.

Jumamosi asubuhi alisahau glavu zake nyumbani, akarudi. Mkewe hakuwepo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limenyooka, ila mito yote miwili ilikuwa uchi. Foronya hazikuwepo. Alichungulia kamba ya nguo, akaona suruali yake na magauni ya watoto. Akatazama kapu la nguo chafu: tupu.

Mwanamke ametoka nyumbani na foronya za kitanda. Anazipeleka kwenye kitanda gani?

Alitoka mbio bila glavu. Mtaa wa pili, karibu na ghala la saruji, akamwona. Mama Pacha alikuwa anatembea haraka, kichwa juu, foronya zimekunjwa kwapani, ile ya maua mekundu aliyoishona mwenyewe ikiwa nje. Hakutazama nyuma. Cheche alijibanza penye nguzo, akamwacha atangulie. Mkewe akafika penye geti kubwa la bluu, akagonga kidogo, akaingia.

Cheche alilijua geti lile. Alilichomelea yeye. Na mwenye geti alimjua zaidi.

Alikuwa Bwana Kilo, mnunuzi wa vyuma chakavu, mjane wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi hata katikati ya kutu. Miezi michache nyuma Cheche alimpelekea vipande vya nondo, Kilo akavitundika kwenye mizani yake, na mizani ikasema kidogo kuliko mgongo wa Cheche ulivyosema. Wakagombana mpaka wapita njia wakasimama. "Mizani yako ni mwongo," Cheche alipiga kelele, "na mwenye mizani ni mwongo kuliko mizani! Mimi na watu wangu hatukanyagi tena hapa, na atakayekanyaga si wangu!"

Sasa mkewe alikuwa humo ndani, pamoja na foronya zao.

Komeo la geti lile lilikuwa na siri: ukiliinua na kulivuta kwa pamoja, linafunguka kutoka nje. Aliyelitengeneza hakuhitaji kugonga. Akainua, akavuta, akaingia akiwa tayari anapiga kelele.

"Toka! Mama Pacha, toka! Na wewe mwizi wa wake za watu, toka nikuone! Nataka kujua leo, nani analisha nyumba yangu?"

Hakuna aliyetoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ndani. Wote walikuwa uani, kwenye kivuli cha ukuta. Wanawake watano walikuwa wamekaa juu ya makopo ya rangi yaliyopinduliwa, na katikati yao, juu ya turubai safi, ulikuwepo mfuko mkubwa wa mchele uliofunguliwa, mfuko wa sukari, dumu la mafuta na katoni ya sabuni. Mizani ya Bwana Kilo ilining'inia kwenye boriti. Mama Pacha alikuwa ameifungua ile foronya ya maua mekundu kwa mikono miwili, na mwenzake alikuwa anamimina sukari. Sukari ikasimama hewani, kisha ikamwagika kidogo nje.

Bwana Kilo mwenyewe alikuwa mbali, peke yake, juu ya tairi kuukuu, amewapa mgongo, anakunywa chai.



"Umeuliza nani analisha nyumba yako," alisema mwanamke mkubwa kuliko wote. Mtaani walimwita Nesi, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo. "Ni sisi. Tukusaidie nini kingine?"

Mmoja akacheka kwa pua. "Jamani, kumbe tuna mume wa pamoja!"

"Kama ni huyu, fungu langu nawaachia," mwingine akajibu.

"Mama Pacha," Cheche alisema, sauti imeshuka, "hii ni nini?"

Mkewe alifunga mdomo wa foronya taratibu, akaufunga fundo. "Ni sukari," alisema. "Inatoka Bei Chee."

Bei Chee ilikuwa supamaketi mpya nyuma ya ghala la saruji. Cheche aliwahi kuipita akaidharau. Haikuwa na vioo vya kung'aa wala muziki. Bidhaa zilipangwa sakafuni ndani ya katoni zilizochanwa, mifuko hawatoi, na nusu ya vitu vilikuwa vya kampuni zisizojulikana. Alijiambia kwamba kitu rahisi lazima kina ugonjwa.

"Kule, ukinunua mfuko mzima, bei inashuka mpaka unaona haya," alisema Nesi. "Lakini nani kati yetu ana hela ya mfuko mzima? Hakuna. Basi tunachanga, mmoja anakwenda, tunakuja kugawana. Kopo lililobonyea tunalichukua, maana tunakula nyanya, hatuli bati. Tarehe tunasoma kabla ya bei. Na waume hatuwaambii."

"Kwa nini?" Cheche aliuliza, japo aliona jibu linavyokuja.

"Kwa sababu mume akisikia chakula kimeshuka bei, na hela anaishusha. Wewe umeishusha hata kabla ya kusikia!"

Wakacheka wote, isipokuwa Mama Pacha.

Cheche alitafuta pa kushika. "Sawa. Lakini kwa nini hapa? Mtaa wote huu, mkachagua mizani ambayo nimesema mbele ya watu kwamba inadanganya?"

"Inadanganya," alisema Mama Pacha. "Ulisema kweli. Tumeijaribu kwa paketi ya Bei Chee, na inapunja."

"Sasa?"

"Sasa nini, Baba Pacha? Wewe ulikuwa unauza, sisi tunagawana. Ikimdanganya huyu, inamdanganya na yule, uongo uleule. Tukitoka hapa mafungu yote yako sawa. Mizani ya mwongo inatutosha."



Hapo ndipo Bwana Kilo alipoinuka kwenye tairi lake. Alikuja polepole, kikombe mkononi, akamtazama kila mmoja kama anayewapima.

"Nimesikia," alisema. "Mizani yangu ni mwongo. Fundi amesema, mkewe amesema, na nyinyi mnaoitumia bure mmeitikia kwa vichwa. Vizuri." Akaifungua kwenye boriti, akaibeba kwapani. "Siku fundi atakaposimama barabarani pale aliponitukana, akasema mizani hii ni ya haki, itarudi juu. Bila hivyo, gawaneni kwa macho."

Mchele ulikuwa umegawanywa nusu tu. Wanawake walitazamana, halafu macho yao yakaanza kuvitazama vifurushi vilivyokwisha gawanywa, kila mmoja akilinganisha cha mwenzake na chake. Walipofika walikuwa marafiki. Sasa mmoja alikivuta kifurushi chake karibu na mguu.

"Mama Pacha," Nesi alisema, "na wewe hatuna ugomvi. Lakini mumeo ametuingilia kama polisi, na mizani imeondoka. Mpaka ipatikane nyingine, hakuna kuchanga."

Njiani Cheche alijaribu kubeba foronya. Mkewe alizihamishia bega la pili.

"Nilikosea," alisema Cheche.

"Ulikosea wapi?"

"Kule."

"Basi kosa liko kule, halipo hapa barabarani tulipo wawili." Mama Pacha hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha zaidi. "Nilikuficha Bei Chee, na sababu uliisikia mwenyewe. Nilikuficha na kwa Kilo, kwa kuwa ulikwisha kuapa, na ukiapa huwa huna njia ya kurudi. Lakini wewe uliingia ukauliza nani ananilisha. Mbele za watu. Jina langu umelimwaga kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Mimi na watoto tunakwenda kwa dada yangu. Ukilizoa jina langu mbele ya walewale waliokusikia, nitarudi. Usipolizoa, kaa na vyuma vyako."

Jioni ile nyumba ilikuwa na chakula cha kutosha na hakuna mlaji.

Cheche alikwenda karakana, akakaa mbele ya mashine iliyozimwa. Kuomba radhi kwa mkewe aliweza. Alitaka hata kumkimbilia. Lakini mizani ya Kilo? Kusimama barabarani aseme uongo ni haki? Ulimi wake ungekatika. Na bila mizani, walewale wanawake wangemsikiliza wapi? Wasingekutana tena.

Alimlaani Kilo, akamlaani Pipi, kisha akachoka kulaani. Macho yake yakaangukia pipa la vipande. Kulikuwa na bomba jembamba lililonyooka, minyororo ya geti ambalo mteja hakurudi kulichukua, na vifuniko viwili vya ndoo. Akakumbuka maneno ya mkewe. Anayegawana hahitaji kujua kilo. Anahitaji kujua tu kwamba hiki ni sawa na kile.

Akavaa miwani, akawasha mashine.

Jumamosi iliyofuata alikwenda uani kwa Nesi, mahali walipokubali kumsikiliza "mara moja tu, na mikono mfukoni". Mifuko ya Jumamosi iliyopita ilikuwepo, imefungwa. Mama Pacha alikuwepo pia, ametokea kwa dada yake, amekaa mwisho wa mstari.

Cheche alitua mzigo wake. 

"Jumamosi iliyopita niliuliza swali," alisema. "Swali lile lilikuwa tusi, na nilimtukana mtu ambaye hajanikosea. Hela niliipunguza mimi, sufuria aliijaza yeye. Badala ya kumshukuru nilimfuata kama mwizi. Mama Pacha, nakuomba radhi mbele ya hawa, kwa sababu ni mbele ya hawa nilikuvunjia heshima."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Pacha alitazama mikono yake.

"Tumesikia," Nesi alisema. "Na hilo bomba?"

Akalitundika kwenye mti wa kuanikia nguo: bomba lililoshikwa katikati na pete, na kila upande sahani ya kifuniko cha ndoo iliyoning'inizwa kwa minyororo. "Haisemi kilo. Fungu la kwanza mnalipima kwa macho, yaliyobaki mnayafananisha nalo. Bomba likilala sawa, mafungu ni sawa. Ni yenu. Bure."

"Bure," alirudia mmoja, akimkodolea jicho. "Mizani ya fundi, na mke wa fundi ana fungu humu. Mimi sijasema kitu."

"Umesema," akajibu mwingine, "na mimi nakuunga mkono."

Walijaribu. Fungu la mchele la Mama Pacha likaenda kushoto, la Nesi likaenda kulia. Wakaongeza kwa kikombe, wakapunguza kwa kiganja, mpaka bomba likalala sawasawa kama meza. Cheche akavuta pumzi. Akatabasamu hata.

"Geuzeni," alisema Mama Pacha.

"Nini?"

"La kushoto liende kulia, la kulia liende kushoto. Kama ni ya haki, italala vilevile."

Cheche alimtazama mkewe. Alijua jicho lile. Alikuwa amelitumia mwenyewe mwezi mzima, mezani, jikoni, nyuma ya nguzo. Hakuwahi kuwa upande huu wake. Lilichoma.

Wakageuza. Bomba likasita, likatetemeka, kisha upande wa kulia ukashuka, taratibu, bila haya.

"Aaa!" walisema wote kwa pamoja.

"Na lililoshuka ni fungu la nani?" aliuliza yule wa kwanza.

Lilikuwa la Mama Pacha. Fungu lake lilikuwa limezidi.

 Maneno yote ya zamani yakamjia Cheche mdomoni: nani mwongo, nani mwizi, rudia kama wewe mwanaume. Alisogea kwenye bomba, akapitisha kidole penye kulabu ya kushoto, kisha ya kulia. Akapima kwa shubiri toka katikati, huku na huku.

"Mkato unaoshika kulabu ya kulia uko nje kidogo," alisema. "Mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Nililichoma usiku nikiwa na haraka, sikulipima mara ya pili. Kosa ni langu. Mlikuwa na haki ya kunishuku."

 Walikuwa wamejiandaa kwa kelele, na kelele hazikuja.

Mama Pacha aliinuka. Alichukua kikombe, akachota mchele kutoka fungu lake mwenyewe, akaurudisha mfukoni mbele ya macho ya wote. Halafu akalishika bomba kwa mikono miwili, akalikaza lisicheze.

"Tupa umekuja nayo?"

Alikuwa nayo. Alisugua mkato ule kuelekea ndani, kidogo, akapuliza vumbi la chuma, akasugua tena. Mkewe hakuliachia bomba. Wakajaribu: likalala. Wakageuza: likalala. Yule aliyeshuku akadai wageuze tena, wakageuza, likalala tena, na yeye mwenyewe akacheka akaketi.

"Basi Jumanne nakwenda Bei Chee mimi," alisema Nesi. "Maharage yanashuka. Kila mtu alete cha kubebea, na asilete mume."

Walipomaliza kugawana, Cheche alisimama penye mlango wa ua bila kujua anasubiri nini. Mama Pacha alitoka na foronya mbili zimejaa, zimevimba kama mito ya kweli. Alimtwika zote mbili, moja kila bega.

"Zipeleke nyumbani," alisema. "Ubandike na maji. Mimi napita kwa dada kuchukua watoto."

"Nije nikusindikize?"

Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri bomba litulie.

"Hapana. Ningoje nyumbani."

Akaenda zake. Cheche alishika njia ya nyumbani, mzigo umemlemea shingo. Hakugeuka kutazama mkewe amekata kona ipi.